Hotuba Juu ya Kukosa Uzazi: Sababu Zake na Tiba Zake

(Ilisomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imeniagiza niwasomee maneno haya, nami nimeyaandika kwa adabu, maana najua ya kuwa baadhi ya mambo nitakayoyataja si mambo ambayo mtu wa umri wangu huyataja mbele ya wazazi wake. Naomba mniwie radhi tangu mwanzo. Wahenga walisema, Mficha uchi hazai. Methali hiyo twaitumia kwa mambo mengi, lakini leo nataka tuichukue kwa maana yake yenyewe. Kwa kuwa wapo watu waliokosa watoto kwa sababu shida yao ilifichwa, mpaka wakati wa kutibiwa ukawapita.

Huenda mtu akauliza, Habari za uzazi zina nini na chama chetu? Chama hiki kiliundwa ili tuzikane, tuuguzane na kusaidiana katika shida. Lakini pamoja na hayo, baraza la wazee wetu husikiliza mashauri ya nyumbani, na miongoni mwa mashauri hayo lile la nyumba isiyo na mtoto hurudi mara kwa mara. Tena aghalabu huja na hukumu yake tayari: mke arudishwe kwao, na mahari yadaiwe.

Nitataja shauri moja, bila jina wala mahali. Mwanamke mmoja alirudishwa kwao baada ya miaka 6 ya ndoa. Hakupimwa, wala mumewe hakupimwa. Akaolewa mahali pengine, akazaa. Yule mume naye alioa mke wa pili, akakaa naye bila mtoto. Akaoa wa tatu, hali kadhalika. Hatimaye alipokwenda hospitali aliambiwa ya kuwa katika maji yake ya uzazi haikuonekana hata mbegu moja, na kwamba huenda njia zake ziliziba tangu ujanani kwa ugonjwa wa kisonono ambao hakuutibu sawasawa. Basi nyumba tatu ziliingia huzuni, na kipimo ambacho kingaliwaonyesha ukweli ni cha siku moja tu. Kwa ajili ya mambo kama hayo ndiyo maana Kamati imeona yafaa tuelezane.

MAANA YA KUKOSA UZAZI

Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba watu wawili huhesabiwa kuwa wana shida ya uzazi iwapo wamekaa pamoja kama mume na mke miezi 12 au zaidi, bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane. Taarifa ya Shirika hilo ya mwaka 2023 yaeleza kuwa karibu mtu 1 katika kila watu wazima 6 duniani hukutwa na shida hii wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo si laana ya ukoo mmoja wala aibu ya kabila moja. Ni maradhi kama maradhi mengine.

Tena yapo ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya wale ambao hawajapata mimba kamwe. Namna ya pili ni ya wale waliokwisha kuzaa au kushika mimba, kisha wakakosa tena. Watu wetu hudhani kuwa aliyezaa mara moja hawezi kupatwa na shida hii. Hilo si kweli; maradhi yaweza kumwingia mtu baada ya mtoto wa kwanza, hasa ikiwa alipata uchafu wa ndani baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika.

Ili mimba itungwe, sharti mambo manne yakutane. Kwanza, mke atoe yai, nalo hutoka mara moja katika kila mwezi wake, kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Pili, mume awe na mbegu za kutosha zenye uhai na mwendo. Tatu, mirija inayotoka kwenye vifuko vya mayai iwe wazi, maana ndimo yai na mbegu vikutanapo. Nne, tumbo la uzazi liwe tayari kuipokea mimba. Yai huishi kama siku 1 tu baada ya kutoka, bali mbegu za mume zaweza kuishi hata siku 5 mwilini mwa mke. Kwa hiyo siku zinazofaa ni kama 6 katika mwezi, yaani siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe litokapo. Mume anayefanya kazi mbali na kurudi nyumbani mara moja kwa miezi mitatu asishangae ikiwa siku hizo humpita.

SABABU ZILIZO KWA MUME

Naanza na mume kwa makusudi, kwa kuwa katika mashauri yetu yeye hutajwa mwisho au hatajwi kabisa. Madaktari wamekwisha kuonyesha ya kuwa katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mume ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Hapa watu wetu huchanganya mambo mawili. Hanithi ni mtu asiyeweza tendo la ndoa. Lakini mtu aweza kuwa na nguvu zote za mume, na huku mbegu zake zikawa chache, au dhaifu, au hazimo kabisa. Nguvu ni kitu kimoja, na uzazi ni kitu kingine. Ndiyo maana zile dawa za nguvu zinazouzwa barabarani na vituo vya mabasi haziwezi kuwa tiba ya ugumba.

Mambo yanayoharibu mbegu za mume ni haya. Yako maradhi ya zinaa, kama kisonono na klamidia, ambayo huacha makovu na kuziba njia. Iko mishipa ya damu inayovimba katika mfuko wa korodani, ikaongeza joto mahali panapotaka ubaridi. Yako matubwitubwi, ambayo yakimpata mvulana aliyekwisha kubalehe yaweza kushuka na kuharibu korodani. Ziko korodani ambazo hazikuteremka tangu utotoni. Mama anayeona kuwa mtoto wake mchanga ana kasoro hiyo ampeleke kwa daktari mapema, kwa maana upasuaji wake hufaa kufanywa kabla mtoto hajapita umri wa mwaka 1 na nusu. Kisha iko tumbaku, na ulevi wa kupita kiasi. Na vijana wanaojidunga homoni za kiume ili kuvimbisha misuli wajue ya kuwa homoni hizo huuambia mwili uache kutengeneza mbegu.

SABABU ZILIZO KWA MKE

Sababu ya kwanza ni mayai kutotoka au kutoka bila utaratibu. Dalili yake mara nyingi ni hedhi ya kupotea miezi miwili mitatu, au kuja ovyo. Mara nyingi hali hii hutokana na homoni zilizokosa mizani, hata vifuko vya mayai vikajaa mayai madogo yasiyokomaa. Mwanamke mwenye hali hiyo aweza pia kuota nywele kidevuni, kuwa na chunusi nyingi, au kunenepa. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kuwa hali hii huwapata wanawake hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Maradhi ya tezi ya shingo nayo huweza kuvuruga mayai.

Sababu ya pili ni kuziba kwa mirija, na hii ndiyo inayotuhusu sana sisi Waafrika. Uchunguzi mkubwa uliofanywa chini ya Shirika la Afya la Ulimwengu katika nchi nyingi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985, ulionyesha kuwa katika Afrika ya kusini ya Sahara wanawake walio wengi miongoni mwa waliochunguzwa walikuwa na utasa uliotokana na uambukizo, kupita sehemu nyingine za dunia. Uambukizo huo huletwa na klamidia na kisonono, au uchafu unaoingia baada ya kuzaa au kutoa mimba kusiko salama, na mara nyingine kifua kikuu, ambacho chaweza kushuka mpaka kwenye mirija. Jambo la kuogofya ni kwamba wanawake wengi wenye klamidia hawasikii maumivu wala hawaoni dalili yoyote. Mume huleta ugonjwa nyumbani, mke huugua pasipo kujua, na mwisho mke ndiye aitwaye tasa.

Kwa wale watokao pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, nataja kichocho pia. Wengi wetu twakijua kwa mkojo wa damu. Lakini mayai ya mdudu wake yaweza kukaa katika viungo vya uzazi vya mwanamke na kuvidhuru. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli.

Sababu ya tatu ni uvimbe wa tumbo la uzazi, uitwao faibroidi. Si kila uvimbe huzuia mimba. Wadhuruo zaidi ni ule unaoingia ndani ya chumba cha mimba. Sababu ya nne ni endometriosisi, yaani utando wa ndani ya tumbo la uzazi kuota nje yake, ukaleta maumivu makali wakati wa hedhi na makovu. Binti anayelia kwa maumivu kila mwezi hata akashindwa kwenda shule asiambiwe tu avumilie. Apelekwe kwa daktari.

Sababu ya tano ni umri. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na hupungua kadiri miaka ipitavyo, hasa baada ya miaka 35. Kwa hiyo aliyepita umri huo asingoje miezi 12. Akipata miezi 6 bila mimba aende hospitali. Na yule ambaye hedhi yake haina utaratibu asingoje hata kidogo.

Zaidi ya hayo, kuna ndoa ambazo madaktari huwapima wote wawili wasione kasoro yoyote. Hao nao si wa kuachwa, kwani wengine hupata mtoto baadaye, wenyewe au kwa msaada wa tiba.

JINSI YA KUPIMWA

Neno kubwa ni hili: mume na mke waende pamoja, na mume apimwe mwanzoni kabisa. Kipimo chake ni chepesi, hakina maumivu, tena gharama yake ni ndogo ukilinganisha na vipimo vingi vya mke. Huambiwa ajizuie siku 2 hadi 7, kisha hutoa maji ya uzazi mwenyewe faraghani, nayo hufikishwa maabara mnamo saa moja. Huko mbegu huhesabiwa na kutazamwa mwendo na umbo lake. Kitabu cha vipimo cha Shirika la Afya la Ulimwengu cha mwaka 2021 chataja milioni 16 katika mililita moja kuwa kiwango cha chini cha kawaida. Aliye chini ya hapo si kwamba hawezi kuzaa, bali nafasi yake ni ndogo. Kipimo kikiwa kibaya hurudiwa, na mara nyingi baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa, na homa kali ya leo yaweza kuonekana katika kipimo cha mwezi ujao.

Mke naye huulizwa habari za hedhi yake na maradhi aliyopata kwanza. Hupimwa damu, kiasi cha siku 7 kabla ya hedhi inayotazamiwa, ili ijulikane kama yai limetoka. Hutazamwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayotazamiwa wenye mimba. Kisha, ikiwa lazima, hupigwa picha ya eksirei huku dawa maalumu ikipitishwa ndani ya tumbo la uzazi, ili ionekane kama mirija i wazi. Ndipo daktari hujua pa kuanzia.

TIBA ZILIZOPO

Penye ugonjwa wa kuambukiza, dawa hupewa mume na mke pamoja, na dozi humalizwa. Kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kama kuteka maji kwa pakacha. Lakini ifahamike kuwa dawa huua vijidudu. Haifungui mrija uliokwisha kushikana kwa makovu. Ndiyo maana kuwahi ni bora.

Penye mayai yasiyotoka, hutolewa vidonge vya letrozoli au klomifeni kwa siku chache mwanzoni mwa mwezi wa hedhi, na wengine huongezewa metformini. Kwa mwanamke aliyenenepa, hata kupunguza uzito kiasi kidogo kwaweza kurudisha hedhi. Dawa hizi zisinunuliwe dukani bila daktari, kwani zaweza kuleta mimba ya mapacha na madhara mengine.

Penye uvimbe, au mishipa iliyovimba ya mume, au makovu, pengine upasuaji hufaa. Penye mbegu dhaifu kidogo, mbegu huweza kusafishwa na kutiwa ndani ya tumbo la uzazi kwa mpira mwembamba siku yai litokapo, maadamu mirija i wazi.

Ikiwa mirija imeziba kabisa, au mbegu ni chache mno, iko njia ya kutunga mimba nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Edwards akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Mke hudungwa sindano za homoni kwa siku kama 10 au zaidi, mayai hutolewa kwa sindano, huchanganywa na mbegu za mume katika maabara, na baada ya siku 3 hadi 5 mimba changa hutiwa tumboni. Tangu mwaka 1992 madaktari wameweza hata kuchukua mbegu moja tu na kuiingiza ndani ya yai, na hivyo wanaume ambao njia zao zimeziba wamepata watoto, mbegu zao zikitolewa katika korodani zenyewe. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006.

Sitaki kuwatia watu tumaini la uongo. Njia hii gharama yake hufika laki kadhaa za shilingi kwa jaribio moja, na hata katika hospitali bora majaribio mengi hayaleti mtoto, hasa mke akiwa amepita miaka 40. Asiuze mtu shamba lake kabla ya kumwuliza daktari waziwazi, Nafasi yangu ni kiasi gani? Na anayemwambia mtu kuwa ana dawa isiyoshindwa kamwe, huyo akimbiwe, awe amevaa kanzu, koti jeupe au ngozi ya chui.

MANENO KWA WAZEE WETU

Wazee wangu, babu zetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Miongoni mwa Wanandi na Wakamba, mwanamke asiye na mrithi aliweza kuoa mwanamke mwenziwe ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake, naye hakufukuzwa. Hii yaonyesha ya kuwa walitafuta njia ya kuihifadhi nyumba badala ya kuivunja. Nasi pia tutafute njia ya zamani zetu. Kwa wale wanaopenda kulea, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka njia ya kuasili mtoto, na kwa ndugu zetu Waislamu imetambua kafala. Mtoto aliyelelewa kwa haki huwazika wazazi wake kama mtoto mwingine yeyote.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele ya Mkutano huu maazimio manne, mpate kuyajadili.

1. Baraza lisisikilize shauri lolote la kumrudisha mke kwa sababu ya kukosa mtoto mpaka mume na mke wote wawili wawe wamepimwa hospitali. Asiyekubali kupimwa asiwe na haki ya kumshtaki mwenzake.

2. Barua ya daktari isisomwe barazani. Mwenyekiti na mzee mmoja waambiwe tu kwamba vipimo vimefanywa. Mimi niliye karani nisipewe kuiweka jaladani, maana jalada hupita mikononi mwa wengi.

3. Mfuko wa chama ukopeshe fedha za vipimo vya kwanza kwa mwanachama asiyejiweza, kama unavyokopesha kwa ugonjwa mwingine. Tumekuwa tukitoa fedha za jeneza bila kuulizana. Si vibaya tukitoa kidogo kwa ajili ya utoto.

4. Mara moja kila mwaka vijana wetu, waume kwa wake, waitwe wasikilize mganga wa hospitali juu ya maradhi ya zinaa. Ugumba mwingi tunaoulilia tukiwa na miaka 35 ulipandwa tukiwa na miaka 20.

Najua wako watakaosema kwamba azimio la kwanza lamwaibisha mume. Nami nawauliza kwa heshima: Mke amebeba aibu hiyo peke yake miaka mingapi, na mara ngapi hakuwa na kosa? Hatuombi mume ahukumiwe. Twaomba apimwe, kama vile mkewe apimwavyo, kisha warudi nyumbani pamoja na kuamua pamoja.

 Ikiwa neno langu moja limepita mpaka wa adabu, nasema tena mniwie radhi. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, zilizo na watoto na zisizo nao.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama